Baba, Mguu Wako Ulikuwa Nje

Baba,

Nimepiga goti kabla ya kushika kalamu. Kabula amenikuta hivyo kwenye chumba cha cherehani, akauliza kama nimeangusha sindano, nikamwambia ndiyo. Unaona mambo yangu. Hata kwa mwanangu uongo unanitoka kabla sijaufikiria, na ndiyo maana leo nakuandikia. Shikamoo, Baba. Itikia hata kwa kichwa huko uliko, ili nipate kuendelea.

Naanza na lile zito, nisije nikalizunguka kurasa nzima halafu nikaishiwa ujasiri. Siku ya mechi yetu na Nyasubi wa Kahama ulidaka kisahani chetu cha plastiki pembeni kabisa mwa eneo la goli. Ukasimama, ukanigeukia, ukaniuliza mbele ya watu wote kama ulikuwa ndani au nje. Nikajibu ndani. Ulikuwa nje, Baba. Mguu wako wa kulia ulikuwa juu ya mstari, kisigino chote, na kwenye mchezo wetu goli ni kudakia ndani ya eneo, mstari ni nje. Niliona vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwepo. Nilikudanganya, ukaniamini, na umezikwa hukuambiwa ukweli.

Nimeandika.

Sasa nikupe habari za nyumbani, ingawa najua nimekwisha kuziharibu. Mwanao Shija, mume wangu, bado yuko Geita, kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, na bado anakuja mwisho wa mwezi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kiti chako hakikalii. Anakisogeza, anafagia chini yake, anakirudisha palepale. Kabula yuko darasa la saba na amerefuka, sketi zake nazishusha pindo kila muhula. Mama mzima wa afya. Habari zake nyingine nitazifikia, nivumilie.

Na mchezo umekua, Baba. Hili nakuandikia huku nalia, kwa sababu wewe ndiye uliyepaswa kuliona. Buseresere wana timu. Geita mjini ziko mbili, moja ya wachimbaji ambao siku ya kwanza walikuja na mabuti ya mvua, wakayavua uwanjani wakacheza peku. Nyasubi wamepata wasichana wengi hadi wanagombania namba. Wale Waganda tuliokutana nao Dar wanatuandikia kwenye simu kila wiki, wanatuita majirani. Sasa inaundwa timu ya taifa, itaenda kwao kucheza na nchi nyingine, na wachezaji wa kanda yetu wanatazamwa. Uliposema kwamba dunia nzima inarusha kisahani, pale kwenye kahawa walikucheka mpaka wakamwaga kahawa. Siku hizi haohao wananisimamisha njiani kuniuliza timu inaondoka lini.

Nakumbuka ulivyokuwa ukitukusanya tutazame simu yako yenye kioo kilichopasuka. Wajapani, Wakolombia, Wajerumani, wanakimbia kwenye majani ya kijani utafikiri yamepakwa rangi. Sisi tulitaka kuona magoli. Wewe ulikuwa unasimamisha picha pale mchezaji anapoinua mkono mwenyewe, hakuna mwamuzi, hakuna filimbi, anasema nimekugonga, au nimetoka. Ulikuwa unarudisha hapo mara tatu, mara nne. "Tazameni uso wake," ulikuwa unasema. "Kombe la dunia hilo, na anajisema mwenyewe." Siku uliyosoma kwamba huko ng'ambo wameanzisha ligi ya kulipwa yenye waamuzi, ulikataa chakula cha mchana. Mama alidhani umefiwa.

Kabla yako hapa Ushirombo hatukujua kitu hicho. Yule kijana mgeni aliyefundisha kwa muda pale misheni alikuachia visahani viwili alipokuwa anarudi kwao, na wewe, mwalimu wa hesabu uliyestaafu, mwenye suruali ya kunyooshwa pasi kila siku, ukaanza kukimbia na watoto kwenye uwanja wa shule. Kimoja kilipopasuka mkafanya mazoezi kwa mfuniko wa ndoo. Mama aliutafuta mfuniko wake wiki nzima, na mimi nilijua ulipo nikanyamaza. Basi uongo wangu una asili ndefu.

Halafu ikaja habari ya wanawake. Ulipojua kwamba timu za mchanganyiko lazima ziwe na wanawake wa kutosha, na wa kwenu ni wawili tu, ulikuja mpaka mlango wa jikoni. Hukuingia, ulisimama nje kama inavyotakiwa, ukamwita Mama kwa Kisukuma, "Mayu, niazime mkwe." Mama akacheka. Akasema mkwe si jembe. Lakini aliniruhusu, na jioni yake alinishonea kwa mkono suruali ya kuvaa ndani ya sketi, ili niweze kukimbia nisijiaibishe. Mimi fundi cherehani nilishonewa suruali na mama mkwe kwa sindano ya mkono, maana hakutaka niione kabla haijaisha.

Unajua nilivyolelewa. Kwetu mkwe wa kike akikutana na baba mkwe njia nyembamba anaingia kwenye majani. Hamgusi, hali naye, hamtaji jina, na akiambiwa jua limechwa saa sita mchana anakubali, anakwenda kuwasha taa. Siku ya kwanza ya mazoezi ulinikaba, nikadaka, ukanigonga mkono mpaka kisahani kikaanguka. Nikakiokota nikakupa kwa mikono miwili. Ukasimamisha mchezo.

"Minza," ukasema. Ilikuwa mara ya kwanza kunitaja jina. Nyumbani nilikuwa mkwe, au Mama Kabula. "Minza, nimekugonga mkono. Sema."

Nikasema hapana, Baba.

"Nimekugonga. Umeona, nimeona. Kwa nini husemi faulo?"

Nikatazama chini. Ukaniambia nizunguke uwanja mara mbili, adhabu ya kuficha faulo uliyonifanyia wewe. Nilizunguka nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Uliponiita baadaye ulisema maneno ambayo nimeyarudia kichwani tangu siku hiyo. Kwamba mchezo huu hauna mwamuzi, kwa hiyo kila mmoja ni macho ya mwenzake. Kwamba uwanjani hakuna ukwe. Nikiona umekosea na nikanyamaza kwa heshima, nimekufanya kipofu.

Ilinichukua miezi. Mara ya kwanza nilipokuambia "faulo, Baba" nilisema kwa sauti ndogo ukaniambia hukusikia. Nikasema tena. Na wewe ukainua mkono ukasema, "Kweli. Wabeja, Minza," ukanishukuru kwa Kisukuma, ukanirudishia kisahani. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kuni alikwenda kutangaza sokoni kwamba mke wa Shija anamkemea mkwewe hadharani. Mama yetu alimjibu kwamba mkwe wake anasema kweli tu, na anayeumia na akaumie nyumbani kwake. Alikuwa anajivunia hilo. Naomba ulikumbuke, maana ndiko ninakoelekea.

Kwenye duara la mwisho wa mechi, timu zote mbili zikishikana mabega, ulihakikisha mimi na wewe tunasimama pande mbili tofauti. Ulisema kwenye faulo hakuna ukwe, kwenye mabega upo. Nilikupenda sana kwa hilo. Sijawahi kukuambia.

Sasa mechi ya Nyasubi.

Mshindi alikuwa anakwenda Dar, kwenye mashindano ambayo timu za Kenya na Uganda zingekuja. Ulikuwa umetangaza kwamba ndiyo mechi yako ya mwisho. Ulisema umri. Sisi tuliona unachechemea tukaamini ni umri, maana habari ya kisukari ulikuwa unamficha hata Mama. Mistari tuliichora mimi na Kabula asubuhi, kwa majivu ya jikoni, kwa sababu chokaa ilikuwa imeisha. Tulikuwa sawa, limebaki goli moja. Ngassa wetu akarusha mbali, kisahani kikaelea, nikajua hakuna wa kukifikia. Wewe ukakifikia. Sijui ulitokea wapi. Mwili wote ulinyooka, ukadaka kwa mkono mmoja, ukatua kwa mguu wa kulia, ukayumba, ukasimama.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwako. Niliona kisigino kikitua kwenye majivu na vumbi jeupe likiruka.

Hukushangilia. Wengine wote walikuwa wanapiga kelele, wewe ulikuwa umesimama unautazama mguu wako, kama mtu anayetazama kitu cha mwenzake. Nimekuja kuelewa baadaye. Mguu ulikuwa na ganzi. Hukuwa unahisi umekanyaga nini. Ukanigeukia ukaniuliza, kwa ile sauti ya darasani, "Minza, ulionaje? Ndani au nje?"

Ulikuwa umevuja jasho mpaka kwenye miwani, umefungua mdomo kidogo, na uso wako haukuwa wa mwalimu wala wa baba mkwe. Ulikuwa uso wa mtu anayetaka kitu kimoja tu na anaogopa kukikosa. Sikuweza. Nimejiuliza mara nyingi kama ilikuwa heshima au huruma, au kama nilikuwa naitaka Dar mimi mwenyewe. Sijui. Nadhani vyote. Nikasema, "Ndani, Baba." Halafu nikasogea, nikaikanyaga ile alama kwenye majivu, nikaisugua kwa soli kama mtu anayefuta mate.

Ukainua mikono yote miwili juu. Nilikuwa sijawahi kukuona ukifanya hivyo.

Dar ulifurahi sana, na hilo ndilo linalonichanganya. Tulifungwa mechi zote isipokuwa moja. Wewe ulicheza dakika chache tu, ukakaa pembeni unagawa maji na kumsalimia kila mgeni kwa lugha tatu. Yule mzee wa Kiganda mliyekaa mnalinganisha magoti yenu, mlicheka mpaka mkashikana. Kwenye basi la kurudi ulilala mdomo wazi umekumbatia jezi waliyokupa. Nikikuambia leo kwamba najuta, nakumbuka usingizi ule, na najuta vilevile. Kwa sababu Milembe, kapteni wa Nyasubi, na wenzake walibaki Kahama, na ile safari ilikuwa yao.

Kidole kikaoza. Halafu wakakata kidole, halafu wakasema goti kwenda chini. Yote ndani ya muda ambao mimi hushona sare za shule za mwaka. Nilikuja hospitali mchana, saa ya kuona wagonjwa, na uji kwenye chupa. Nikapiga goti pale sakafuni, nesi akashangaa. Blanketi lilikuwa limelala bapa upande wa kulia. Sikuweza kulitazama, nawe uliona siwezi, ukanitania kwamba sasa nitakushinda mbio bila jasho. Tukacheka kidogo. Halafu ukaniita.

Uliniita Minza, Baba. Hospitali, umelala kitandani, na hapakuwa na uwanja. Ilibidi nielewe.

"Minza, lile goli langu la Nyasubi. Lilikuwa ndani?"

Ulikuwa unaniuliza kama ulivyonifundisha niulizwe. Ulikuwa unanipa nafasi nyingine, polepole, hakuna mtu anayetazama, hakuna Dar ya kukosa. Nami nikautazama ule ubapa wa blanketi nikasema, "Lilikuwa ndani kabisa, Baba. Safi." Niliongeza na safi. Ukasema, "Haya, sawa." Ukageukia dirisha, ukaomba uji.

Wiki tatu baadaye tulikuzika. Kwenye wasifu wako walisoma kuzaliwa, shule ulizofundisha, watoto, wajukuu, na halafu wakasoma lile goli. Watu walitabasamu katikati ya kilio. Mama alitikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nyuma yake, na nililia kuliko wenye msiba wenyewe, wakasema mkwe gani huyu ana upendo.

Hivyo ndivyo ningeendelea, nakuambia ukweli. Ningebaki nalo mpaka na mimi niletwe huko. Lakini mwezi uliopita kulikuwa na mkutano wa timu zote tano, pale darasani ulipokuwa unafundisha, asubuhi. Ajenda ilikuwa moja. Masanja, kapteni wa wachimbaji wa Geita, alitaka tuwe na waamuzi. Alisema, "Jamani, zamani tulikuwa tunacheza kwa kujifurahisha. Sasa kuna jezi ya taifa hapa, kuna pasipoti. Nani atajisema kwamba yuko nje wakati nje ya nchi inamwita? Tulete filimbi." Hakusema vibaya. Wachimbaji wanajua watu wanavyobadilika kitu kikianza kung'aa.

Ngassa, ambaye ndiye kapteni wetu sasa, akasimama kumpinga. Akasimulia goli lako. Kwamba mzee alidaka, mshindi akasubiriwa, na mzee mwenyewe akasimamisha furaha yake akamuuliza mkwe wake, na mkwe akasema kweli, na Nyasubi wakakubali wakaenda nyumbani bila ugomvi. "Sasa filimbi ya nini?" akasema. "Sisi hapa tulishaonyesha." Wakapiga makofi. Walikuwa wananipigia mimi, Baba. Wamegeuka kwenye madawati wananitazama.

Nikasimama. Dawati likagonga ukuta. Nikasema mzee alikuwa nje. Nikasema niliona nikadanganya, na nikafuta alama.

Nilitegemea kelele. Ngassa alikaa chini taratibu. Kisha Milembe, bila hata kusimama, akasema kwa sauti ya upole iliyoniumiza kuliko tusi, "Dada, kaa. Sisi tuliona." Akasema walikuwa watano au sita walioona. Mstari wa majivu, nani asione? Walinitazama nikiikanyaga ile alama. Nikamuuliza kwa nini hamkusema, ilikuwa haki yenu, mlikosa Dar. Akasema, "Tungemwambiaje mzee wa watu kwamba yuko nje, na mkwe wake keshasema ndani? Tukasema ni mzee, mwacheni apate."

Umesikia, Baba? Si mimi peke yangu. Ulitufundisha miaka yote hiyo tuwe macho yako, na siku ya mwisho, siku uliyokuwa huhisi mguu wako mwenyewe na unayahitaji macho yetu kweli, tulikuzunguka uwanja mzima tukakupa heshima. Kitu ulichokikataa ndicho tulichokupa. Tulikupa kwa mapenzi, ndivyo ninavyojiambia, lakini tulikufanya kipofu kama ulivyosema.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Sikunyoosha mara ya kwanza wala mara ya pili. Filimbi imeshinda. Kuanzia msimu huu uwanja wa Ushirombo utakuwa na mwamuzi, na huko Uganda timu ya taifa itakapofika hakutakuwa na mwamuzi, kwa hiyo watoto wetu watakwenda kujifunza ukweli ugenini. Wewe ulikosa mlo kwa ajili ya ligi ya ng'ambo. Hii ni ya nyumbani, na aliyeileta ni mkweo. Milembe ameitwa kwenye majaribio ya timu hiyo. Nilimpongeza, nikamshonea namba kwenye jezi, akaniambia asante dada. Hanichukii. Ingekuwa rahisi kama angenichukia.

Kabla sijafika nyumbani siku hiyo, habari ilikuwa imeshapanda bodaboda. Mama alikuwa amekaa kibarazani. Nilipiga goti nikamwamkia, akaitikia, akaingia ndani. Tangu hapo aliwasha jiko lake mwenyewe. Wiki tatu, Baba. Ugali wake sufuria ndogo, wangu sufuria kubwa, mioshi miwili kwenye uwanja mmoja. Kabula alikuwa anatembea katikati yetu amebeba chumvi. Shija alipokuja akasema ngoja nikamwombe, nikamkataza. Nilidhani Mama amenikasirikia kwa sababu nimekuvua goli lako mbele za watu, nimemnyang'anya kitu kimoja alichobaki nacho cha kuambiwa na wageni. Nilidhani hasira yake ni ya mkutano.

Juzi asubuhi alikuwa anaanika michembe kwenye turubai. Nilipita na ndoo. Akasema, hakunitazama, anatandaza tu vile vipande vya viazi kimoja kimoja, "Aliniuliza."

Nikatua ndoo.

"Siku tuliyorudi kutoka hospitali na mguu mmoja," akasema. "Aliniambia, Mayu, hivi unadhani mkwe aliniambia kweli? Nikamwambia wewe mzee vipi, mkwe wangu hajui uongo. Namfahamu, nimekaa naye jikoni miaka kumi na mitatu. Akasema, basi. Akasema kama wewe unasema hivyo, basi. Hakuuliza tena." Akapangusa mikono kwenye khanga. "Alikuwa amejua, Mama Kabula. Alikuwa anatafuta mtu mmoja tu wa kumwambia. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo, kwa kukuamini wewe."

Nilikaa chini kwenye udongo. Mama hakunishika bega, hakuniambia amenisamehe, na sidhani amenisamehe. Alisema tu, "Geuza hizo za upande ule, jua limeshapanda." Nikageuza. Tuligeuza mpaka turubai likaisha, yeye upande wake na mimi upande wangu, na mchana alipika sufuria moja.

Baba, siombi unisamehe. Uliniuliza mara mbili, na mara ya tatu ulimuuliza Mama. Wewe uliyeinua mkono kwa faulo ndogo ya kunigusa kidole, uliondoka umeshuku na ukakosa mtu hata mmoja wa kukuambia ndiyo, ulikuwa nje, na bado ulidaka vizuri. Maana ulidaka vizuri mno. Ningesema hivyo pale pale. Ningesema nje, ungeinua mkono, ungecheka, tungecheza pointi nyingine, labda tungeshinda, labda tungeshindwa, na ungekufa mtu mmoja amekuambia ukweli. Ilikuwa neno moja.

Jumamosi tunacheza mechi ya kwanza yenye mwamuzi. Ni kijana mzuri, amenunua filimbi mpya. Nakuahidi hivi: sitamsubiri. Nikigonga mtu, nikikanyaga mstari, nikidondosha kisahani na hakuna aliyeona, nitainua mkono kabla hajavuta pumzi. Na mwenzangu akiniuliza, awe mzee, awe mgonjwa, awe ananitazama kwa macho ya namna gani, nitamjibu nilichokiona. Nitafanya hivyo mpaka filimbi yake ikose kazi. Itachukua muda, na pengine haitatokea.

Lala, Baba. Najua umechoka kuuliza. Ulikuwa nje.

Mkweo,
Minza